Ile Mti Haikuwa Mbovu

Kama umewahi kusubiri basi hapa Birmingham huku umeegemea ile nyumba ya zamani ya mbao nyeusi na kuta nyeupe, ambayo ghorofa yake ya juu imechomoza barabarani kama mtu anayechungulia nani anapita, basi nyumba uliyoegemea huenda ilikuwa imebeba kosa langu. Jina la nyumba sitalitaja. Wanaoitunza leo hawakunikosea chochote.

Ninawaandikia nyinyi vijana wetu wa hapa, hasa mnaoingia kwenye kazi za ujenzi. Najua wengi wenu mnasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Wajukuu wangu ni hivyo hivyo. Hata hivyo nimeandika kwa Kiswahili, kwa sababu kazi ninayoizungumzia niliifanya kwa Kiswahili, na mtu niliyemkosea nilimkosea kwa Kiswahili. Atakayekwama amuulize mama yake.

Mimi nilikuwa fundi wa lipu. Nimepaka kuta za mji huu zaidi ya miaka thelathini. Ukiishi Kingstanding kwenye nyumba za halmashauri, inawezekana picha ya harusi ya wazazi wako imetundikwa kwenye lipu yangu. Kama msumari uligoma kuingia, nisamehe, nilikuwa na tabia ya kuzidisha saruji. Tabia hiyo ndiyo habari yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba ile nilijigonga kidole gumba kwa nyundo, nikatoa tusi la Kiswahili, moja la yale ambayo mama yangu hakujua kwamba ninayajua. Nilikuwa na hakika hakuna atakayeelewa. Juu ya jukwaa sauti ikajibu:

"Hiyo matusi ni ya Tanga ama ya Moshi?"

Nikainua kichwa. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha bluu, ndevu zimejaa unga wa mbao, penseli imechomekwa kwenye kilemba juu ya sikio.

"Ni ya Same," nikasema. "Milimani, Upare."

"Panda juu basi, mtu ya Same. Lete keekee, nataka toboa."

Huyo ndiye Gurdial. Baba yake alikuwa na karakana ya useremala Nakuru, na Gurdial alijifunza kushika randa pale, pamoja na mafundi Wakikuyu na Waluhya, kabla hajajua Kiingereza. Kipunjabi kilikuwa cha nyumbani, Kiingereza cha kujaza fomu, Kiswahili cha kazi. Yeye ndiye aliyekuwa seremala mkuu wa ukarabati ule. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimekuja nchi hii kumfuata dada yangu aliyeolewa hapa, na tangu asubuhi hiyo mimi na Gurdial hatukusemezana kwa lugha nyingine. Waingereza tuliofanya nao kazi walidhani tunapanga mambo ya siri. Mara nyingi tulikuwa tunabishana kuhusu sarufi.

Maana mimi, mtu wa kidato cha nne, sikuweza kukivumilia Kiswahili chake.

"Hii mti iko mzuri," angesema.

"Mti huu ni mzuri, Fundi."

"Mti inajua mimi nasema nini," angejibu bila kugeuka, na kuendelea kupiga randa.

Nyumba ile aliijenga mfanyabiashara wa ngozi na vyuma, zamani sana, wakati Birmingham bado ni mji mdogo wa soko. Mbele, chini, ndipo palipokuwa na duka: ubao wa dirisha ulishushwa mchana ukawa meza ya kuwekea bidhaa, jioni ukainuliwa ukawa mlango wa dirisha. Nyuma ya duka kulikuwa na ukumbi wa familia, na juu chumba kikubwa cha kupokelea watu wa maana. Gurdial alinionyesha nguzo za ukuta wa mbele zilivyosimama karibu karibu, nafasi kati yake ndogo kama upana wa nguzo yenyewe.

"Hizi zote za nini?" akaniuliza.

"Kubeba paa."

"Hapana. Nusu yake zinatosha. Hii ingine yote ni maringo. Huyu tajiri alitaka jirani alie."

Alipenda pia kunikumbusha kwamba mwenye nyumba aliuza vyuma, lakini kiunzi chake chote hakina msumari hata mmoja. Mbao zimeshikana kwa ulimi na tundu: ncha ya boriti imechongwa kama ulimi, ikaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kikapigiliwa kijiti kikavu cha mwaloni, ule mti mgumu wa huku. Na hapa kuna ujanja mtakaoupenda. Shimo la kwenye ulimi halikutobolewa sawasawa na la kwenye nguzo, limesogezwa kidogo sana, ili kijiti kikipita kinauvuta ulimi ndani na kuubana. Mwaloni wenyewe ulichongwa ukiwa mbichi. Ulipokauka ulikaza zaidi na kujipinda utakavyo. Kwa hiyo hakuna sakafu iliyonyooka mle ndani. Wiki ya kwanza niliweka pima maji kwenye sakafu ya juu, nikaona kiputo kimekimbilia pembeni, nikashuka mbio kumwambia Gurdial kwamba nyumba inaanguka.

"Imesimama bila ruhusa yako tangu babu ya babu yako," alisema. "Hiyo kitu weka kwa begi."

Weusi na weupe ule mnaopenda kuupiga picha ni wa juzi juzi tu, wa enzi za kina babu wa hawa Waingereza. Mwenye nyumba wa kwanza aliuacha mwaloni bila rangi, ukageuka kijivu kama manyoya ya hua, na kuta zikapakwa chokaa ya manjano hafifu. Sisi tuliiita Punda Milia, naye Bi Frances, mwanamke wa makamo aliyesimamia ukarabati ule, alipojua maana yake alicheka mpaka akashika ukuta.

Jambo moja la Gurdial lazima mlijue ili muelewe yaliyofuata. Maseremala wa zamani walikitengeneza kiunzi uwanjani kwao kikiwa kimelazwa chini, wakachora namba ndogo kwenye kila kiungo, wakakibomoa, wakakibeba kwa mikokoteni na kukisimamisha hapa kwa kufuata namba. Ukichunguza utaziona mpaka leo. Gurdial alipobadilisha kipande cha chini cha nguzo moja ya nyuma, ghorofani, alichora namba yake ndani ya kiungo, kwa herufi za Kipunjabi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Alichagua kipande hicho siku nzima. Alikigonga, akakinusa, akakikataa cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani.

"Hii," akasema. "Hii itazika mimi na wewe."

Sasa niwaambie habari ya udongo.

Kati ya nguzo zile hakuna matofali, isipokuwa pale walipotia baadaye. Kuna vijiti vilivyosimamishwa, vikasukiwa fito, na juu ya fito udongo uliochanganywa na majani na samadi. Unaijua nyumba hiyo? Mimi naijua. Nilizaliwa ndani yake. Mama yangu aliikandika nyumba yetu kwa mikono yake kila baada ya mavuno, mimi na dada zangu tukikanyaga udongo kwa miguu mpaka mapaja yanauma. Udongo haupakwi siku ile ile, unalazwa kwanza. Kisha mnasimama wawili, mmoja ndani, mmoja nje, mnausukuma kwa pamoja mpaka viganja vyenu vinakutana katikati ya fito. Nilikuwa nikisimama nje, mama ndani, na nilikuwa simwoni, lakini kila mara nilijua yuko wapi kwa sababu ya mkono wake unaonisukuma kutoka upande wa pili. Mwishoni alipitisha vidole vitatu, kushoto kwenda kulia, kama anayemfuta mtoto machozi, ili tabaka litakalofuata lipate pa kushikia.

Nilipokwenda sekondari ya bweni, watoto wa nyumba za bati na bloku waliniita Matope. Nilipofika Uingereza watu waliniuliza kama kwetu tunalala kwenye vibanda. Nikaamua, bila kumwambia mtu, kwamba mimi kwetu ni nyumba ya mawe. Nililisema hilo mara nyingi mpaka nikaanza kuuona ukumbi wake.

Basi Bi Frances alitaka kuta zirekebishwe kwa udongo, kama zilivyokuwa. Alikuwa na maelezo kutoka kitabuni. Tulichanganya, tukapaka sehemu ya majaribio, na baada ya siku tatu ukapasuka vipande vipande kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Bi Frances alisimama mbele yake na daftari lake, uso umemshuka.

Mimi nilijua sababu kabla hajamaliza kusikitika. Udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi, mchanga kidogo. Majani yalikatwa mafupi mno. Samadi hawakutia, waliona kinyaa. Na hawakuulaza.

Gurdial akanigeukia. Aliuliza kwa Kiswahili, hakuna mwingine aliyeelewa.

"Wewe kwenu hapana kandika nyumba?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa lugha yangu, kwa mtu aliyenipenda.

"Kwetu ni mawe, Fundi."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema.

Ilikuja wiki ambayo Bi Frances alisafiri. Aliniachia ukuta mdogo wa nyuma, ghorofani, ule unaopakana na nguzo ya Gurdial. Agizo lilikuwa niondoe udongo uliolegea tu, uliobaki niuache, na sehemu iliyopungua isubiri mpaka apatikane mtu anayejua. Nikaanza kutoa lipu ya juu, taratibu, kwa tindo. Chini yake nikauona udongo wa zamani, mkavu, mzima. Na juu ya udongo ule, vidole vitatu. Kushoto kwenda kulia.

Vilikuwa vidole vyembamba, vya mwanamke au vya msichana. Niliweka vyangu kwenye mifereji ile, vikanibana. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu: ningechanganya udongo, nikaulaza, nikaziba pale palipopungua, na ukuta ule ungekuwepo mpaka leo. Lakini Gurdial angeuona umekauka bila ufa, naye si mjinga. Angeniuliza nimejifunzia wapi.

Niliubomoa wote. Niliutupa kwenye kontena la takataka, fito na vidole vyake, nikafunga wavu wa chuma kati ya nguzo, nikaujaza saruji. Juu nikapaka chokaa ya kuficha. Nilijiambia saruji ni imara zaidi. Bi Frances aliporudi akasifu jinsi ukuta ulivyonyooka, nikamwambia nimeurekebisha kwa chokaa. Akaamini, na mimi nikazifurahia sifa zake, kwa aibu niliyoimeza haraka. Gurdial peke yake aliweka kiganja pale.

"Hii ukuta iko baridi."

"Ni chokaa mpya, Fundi."

Sikilizeni hili, hata kama mengine mtayasahau. Mwaloni hautulii. Majira ya baridi unavimba, kiangazi unasinyaa. Udongo unaufuata, saruji haiufuati, basi panabaki ufa mwembamba kama wembe, na mvua ya Birmingham haihitaji mlango mkubwa kuliko huo. Udongo unakunywa maji na kuyatoa. Saruji inayakaribisha, kisha inafunga mlango. Maji yakishuka yanakaa kwenye miguu ya nguzo, na mti unaoza kimya kimya ukiwa umevaa chokaa nzuri. Nyumba ngapi za zamani nchi hii zimeharibiwa hivyo na mafundi waliodhani wanazisaidia! Wao walikosea kwa kutojua. Mimi nilijua kitu bora, nikaficha.

Miaka kumi na kitu ikapita. Nilikuwa Kingstanding, nimeoa, nina watoto. Siku moja Gurdial alinipigia simu akaniambia tukutane Balsall Heath, kwenye mkahawa mmoja wa Wahindi wa Kenya ambako wanakaanga muhogo na kuuita mogo. Alikuwa tayari amekaa. Sahani yake hakuigusa.

"Nguzo yangu imeoza," alisema.

Alikuwa ameitwa na wenye nyumba. Nguzo ya nyuma ilikuwa imelainika chini, kiungo kimeachana, na ndani yake ikaonekana namba aliyoichora kwa Kipunjabi. Mkaguzi wao akauliza ni alama ya nani. Alama ile aliyoificha kwa fahari ndiyo iliyomtambulisha. Wakaandika kwamba fundi alitumia mti mbovu, wa tabaka la nje, lile jeupe lisilofaa. Wakatia chuma kuishikilia nguzo. Ukuta wa pembeni hawakuugusa, kwa sababu ulionekana mzuri.

"Ile mti haikuwa mbovu," Gurdial aliniambia. Aliukunjua mkono wake mezani. "Nilichagua na hii mkono. Wewe ulikuwa pale. Uliona. Sema wewe. Mti ilikuwa mbovu?"

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi. Nimewahi kuzika mzazi nikiwa mbali, kwa simu. Lakini nikiulizwa ni saa gani ya maisha yangu ningependa kuirudia, sitaomba nyingine. Ningeomba kile kiti, ile sahani ya mogo, lile swali.

"Sikumbuki vizuri, Fundi," nikasema.

Akasukuma sahani upande wangu. "Kula, itapoa."

Baada ya hapo hakuchagua mti tena. Aliacha kazi, akagawa randa zake na tindo zake. Nilipata habari hizo kwa watu, kwa maana nilianza kumkwepa. Nikimwona upande huu wa barabara Balsall Heath, navuka. Simu zake niliziacha zilie. Niliwakosea wote wawili kwa namna moja, yeye na mama yangu. Mama nilikuwa nimemjengea nyumba ya bloku, na kila nilipopiga simu aliniambia nyumba ni nzuri. Dada zangu ndio walioniambia kwamba analala humo kwa kuniheshimu tu, mchana kutwa anashinda kwenye ile ya udongo, na kwamba ilipoanguka alikusanya fito zake akazipanga kando ya ukuta mpya. Sikuuliza alizipangia nini.

Mwaka jana simu ililia, namba nisiyoijua.

"Anko, ni Jaswinder. Binti ya Gurdial." Alizungumza Kiingereza, lakini nawaandikia alichosema kwa lugha yetu. "Baba hayuko sawa kichwani, Anko. Kiingereza kimemtoka kabisa. Kipunjabi anatujibu neno moja moja. Lakini mchana kutwa anasema kitu kimoja, na tunadhani ni Kiswahili. Mimi nililetwa hapa nina miaka miwili. Najua jambo na mogo tu. Unaweza kuja utuambie anataka nini?"

Nilikwenda Jumamosi. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko kichwa. Jaswinder, mwanamke mwenye mvi sasa, alinivutia kiti.

"Shikamoo, Fundi."

Zamani angejibu, "Marahaba, mtu ya adabu," na kucheka. Safari hii alinitazama usoni, akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka kubishana:

"Ile mti haikuwa mbovu."

"Hiyo!" Jaswinder akanishika mkono. "Hiyo hiyo, Anko. Asubuhi mpaka jioni. Tumempa chai. Tumempa blanketi. Tumempeleka chooni. Kila mara anakasirika zaidi. Anasema nini?"

Ningeweza kumwambia lolote. Katika nyumba ile nilikuwa mtu pekee aliyeelewa, na hakuna ambaye angenipinga. Ningesema anaikumbuka Nakuru. Ningesema anamwita mama yake. Jaswinder angelia kidogo, angenipa chai, ningerudi nyumbani.

"Anasema mti haukuwa mbovu," nikasema.

"Mti gani?"

Nikamweleza. Nguzo, mkaguzi, kile walichoandika. Halafu nikamweleza saruji. Nilizungumza nikitazama zulia. Nilipomaliza alikuwa ameuachia mkono wangu.

"Sisi alituambia ameacha kazi kwa sababu ya goti," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Miaka yote hii. Alikuwa anatuambia ni goti." Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye. Wewe ndiye unayeweza."

Nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Sarufi niliiacha. Niliona aibu kwamba niliwahi kuisahihisha.

"Fundi. Ile mti haikuwa mbovu."

Akanigeukia.

"Mti ilikuwa mzuri. Ni mimi niliharibu. Ule ukuta si chokaa. Niliweka saruji."

"Saruji?"

"Ndiyo."

"Kando ya mti yangu?"

"Ndiyo, Fundi."

Macho yake yakachangamka. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alishika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama.

"Mjinga," akasema. "Mjinga kabisa, wewe. Toa."

"Fundi..."

"Toa! Toa saa hii, kabla haijakauka!"

Jaswinder aliuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Saruji ile ilikuwa imekauka kabla mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa, na mtoto huyo sasa ana mvi ndevuni. Lakini kwa Gurdial ilikuwa bado mbichi. Tulikuwa ghorofani, mimi na yeye, na bado kulikuwa na muda.

"Sawa, Fundi," nikasema. "Natoa."

Jumatatu nilikwenda kwenye nyumba ile, nikaomba kuonana na mwenye dhamana. Bi Frances alistaafu zamani. Nilipokewa na mwanamke kijana, mpole, akanipa kiti. Nilimwambia yote. Alichoshindwa kuelewa ni sababu.

"Ulijua kufanya kazi hii vizuri kuliko sisi sote," alisema, "ukaificha?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Nilimweleza habari ya Matope, ya vibanda, ya nyumba ya mawe ambayo haikuwepo. Aliandika kidogo, kisha akaacha kuandika akawa anasikiliza.

Walifungua ukuta mwezi uliofuata, nami niliruhusiwa kuwepo. Mafundi vijana wawili waliivunja saruji yangu kwa uangalifu niliokosa mimi. Chini nguzo ilikuwa imekwisha, imekuwa kama keki iliyolowa. Lakini futi mbili juu, pale maji hayakukaa, kwenye kipande kile kile cha Gurdial, fundi mmoja aligonga kwa tindo na mti ukalia kama kengele. Akagonga tena, kwa kupenda tu. Hakuna lile tabaka jeupe mahali popote. Moyo wa mwaloni mtupu.

Kwenye jalada la nyumba wameongeza ukurasa. Umeandikwa kwamba mti wa seremala haukuwa na kasoro, na kwamba kuoza kulitokana na saruji iliyowekwa na fundi wa lipu, na jina langu lipo. Niliomba liwepo. Walinipa nakala, nikaipeleka Jumamosi, nikamsomea Gurdial kwa Kiswahili, kwa Kiswahili chake.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani ameandika?"

"Wenye nyumba."

"Wameandika mti iko sawa?"

"Wameandika, Fundi. Mti iko sawa."

"Basi," alisema, akanyoosha mkono apewe chai.

Nyinyi vijana mtataka niwaambie kwamba moyo wangu ulitulia. Ulitulia kiasi. Ningesema siku ile ile, au hata miaka kumi baadaye kwenye sahani ya mogo, angeendelea kuchagua miti, na kuna milango na ngazi katika mji huu ambazo zingekuwepo. Hizo sina pa kuziombea msamaha. Kama unajua kazi kwa sababu mama yako aliifanya kwa miguu na mikono, sema unaijua, siku hiyo hiyo, hata watu wakicheka. Watacheka kidogo tu.

Gurdial hajalisema tena neno lile. Jaswinder alinipigia simu wiki iliyofuata kunieleza kwamba nyumba imekuwa kimya, na kwamba baba yake sasa analala mchana kama mtoto. Lakini Kiswahili nacho kimeondoka. Inaonekana alikuwa amebakiza sentensi ile tu, alikuwa anaishikilia mpaka mtu aje kuipokea. Ninakwenda bado kila Jumamosi. Ninakaa karibu na dirisha na kumsimulia habari za viungo na vijiti na Punda Milia. "Hii mti iko mzuri, Fundi," ninamwambia, nikigonga kiti chake, na ninangoja. Ananitazama kwa upole na kuitikia kwa kichwa, kama mwenyeji anayemsikiliza mgeni akizungumza lugha ya kwao.